Kibali, ukumbi, kiingilio: watu waliotaka kupiga muziki Kariakoo kabla yetu

Mimi mwenyewe kitabu cha ukaguzi wa hesabu kiko hapa mezani kinanitazama kwa jicho baya, lakini leo nakiweka pembeni. Jumamosi kamati yetu inakaa kikao cha mwisho kuhusu lile tamasha, na naona tunabishana kana kwamba sisi ndio watu wa kwanza mjini hapa kutaka kukusanya bendi sita na watu mia mbili ndani ya ukumbi mmoja. Wapi! Wametutangulia wengi, tena papa hapa kati ya Kivukoni na Kariakoo, na yaliyowapata yanafundisha. Wiki mbili hizi nimekuwa nikisoma habari zao maktaba badala ya kutafuta madesa, na hiki ndicho nilichokipata.

Kwanza kwa ambao hawajui kinachoendelea. Tuko wanachuo kumi na wanne, tunataka kufanya tamasha dogo la jioni moja maeneo ya Mnazi Mmoja: bendi nne za vijana wenzetu, na bendi mbili za wazee wa dansi ambao bado wanapiga lakini hakuna anayewaita. Mimi ni mweka hazina. Makisio yangu ni haya: ukumbi 400,000, mitambo na jukwaa 700,000, nauli na chakula cha wasanii 600,000, vibali na tozo 200,000, jenereta na mafuta yake 250,000, ulinzi na matangazo 250,000. Jumla 2,400,000. Tulichonacho mpaka leo ni 610,000, nyingi ikiwa imetoka kwenye bumu la watu, na mnajua wenyewe bumu linavyouma kutoka.

Sasa imejitokeza kampuni moja (jina kapuni) inasema itabeba gharama zote. Masharti ni matatu. Tamasha liitwe kwa jina la kinywaji chao, orodha ya wasanii waipitishe wao, na zile bendi mbili za wazee zitoke, kwa sababu eti haziendani na soko lao. Nusu ya kamati inasema chukua hela hiyo mbio kabla hawajabadili mawazo. Nusu inasema bora tusifanye. Na kwa kuwa mimi ndiye nashika daftari, wote wanadhani najua nitasema nini. Haya, twende taratibu.

Tuanze na ardhi yenyewe. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kambi yake ilikuwa hapo. Baada ya vita likawa eneo la Waafrika, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi ili kutenganisha huku kwetu, mji wa bahari, ofisi na maduka, na kule walikokaa Waafrika. Yaani ule uwanja tunaokatiza kila siku kwenda kununua viatu ulikuwa ukuta usio na matofali. Ukikaa na jambo hilo kichwani utaelewa kwa nini historia ya muziki wa Dar es Salaam inarudi mara kwa mara pale pale, kandokando ya huo ukuta.

Waandaaji wa kwanza ninaoweza kuwaita wenzetu ni watu wa beni. Ngoma hii ilianzia miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikateremka huku, na vita vikaisambaza nchi nzima kwa miguu ya askari na wapagazi. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Kulikuwa na matarumbeta, ngoma kubwa, sare, gwaride, na vyeo vya kila namna, wafalme na majenerali, vyote vya kujipachika. Kulikuwa na pande mbili, Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana, Arinoti wakachukuliwa kuwa watu wa chini, na kila upande uliishi kwa ajili ya kumshinda mwenzake.

Unaweza kucheka kuhusu vyeo hivyo, lakini tazama kilichokuwa nyuma yake. Wanachama walichangishana. Mwenzao akifa walimzika. Mgeni wa upande wao akitoka mji mwingine alikuwa na mahali pa kufikia, chakula na mtu wa kumtembeza. Kwa hiyo lile gwaride la siku ya sikukuu lilikuwa sehemu inayoonekana tu ya kitu kilichokuwa kinafanya kazi siku zote. Waingereza walilinusa hilo mapema. Hawakuogopa tarumbeta, waliogopa mtandao wa Waafrika wenye viongozi wao wenyewe kuanzia pwani hadi bara, na maofisa wao wakawa wanauchunguza. Sheria za mji zikataka kibali kwa kila ngoma. Hapo ndipo mlango wa kwanza katika vile vitatu nilivyoviandika kwenye kichwa cha habari ulipofungwa kwa kufuli, na funguo ikakaa ofisini.

Mlango wa hela nao uliwatesa. Ushindani ulitaka sare mpya na karamu kubwa kuliko ya mwenzako, na watu walikopa ili wasiaibike. Mweka hazina wa Marini namuonea huruma kuliko mtu yeyote katika historia ya Tanganyika.

Miaka ya 1930 likaja wimbi jingine: vilabu vya dansi na vya taarab. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Upande wa taarab, mfano ulishakuwepo Zanzibar tangu 1905 kilipoundwa Ikhwani Safaa, na hapa Dar vikaja Egyptian Musical Club na Al-Watan, vilabu viwili vilivyotambiana kama Simba na Yanga. Neno la kushika hapo ni klabu. Hivi vyote vilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kadi na ada. Ala zilikuwa mali ya chama. Mpigaji mchana alikuwa karani au fundi, usiku ndio mwanamuziki. Hata baadaye, Kilwa Jazz (1958) na Western Jazz (1959) zilibeba majina ya walikotoka waanzilishi wake, kusini na ule mkoa wa Magharibi wa wakati ule. Mtu aliyetoka Nzega au Tabora akiingia Kariakoo hajui mtu, alisikia jina tu akajua pa kwenda Jumamosi. Bendi ilikuwa muziki na ilikuwa pia anwani.

Kilichokosekana kwa muda mrefu ni ukumbi. Mnapiga wapi, kama mji umegawanywa kwa rangi na kumbi nzuri ziko upande ambao huruhusiwi kuingia? Ndiyo maana ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa fedha za tajiri wa mkonge Mgiriki, ulikuwa jambo kubwa. Watu wa Kariakoo walipata sakafu ya kuchezea. Na sakafu haichagui: ukumbi huohuo wa dansi ndimo mwaka 1953 Mwalimu Nyerere alimochaguliwa kuwa rais wa TAA, na mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, ikazaliwa TANU. Sisemi kwamba dansi ndilo lililoleta uhuru, mtanicheka. Nasema kwamba watu waliokwisha kuzoea kuitisha mkutano, kukusanya ada, kuandika majina na kutunza daftari hawakuwa wageni wa siasa ilipofika. Kila ukiona watu wanafanya tamasha dogo bila mwenyewe mkubwa, kuna somo jingine wanalojifunza bila kujua. Hiyo ndiyo faida ambayo haiingii kwenye hesabu zangu, na huwa inanisumbua nikiandika safu ya mapato.

Baada ya uhuru mambo yakageuka, na hapa nataka wale wa upande wa "tusichukue hela ya mtu" wanisikilize vizuri, maana historia haiko upande wao moja kwa moja.

Desemba 1962 Mwalimu alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Utamaduni ukawa kazi ya serikali. Mwaka 1964 ikaanzishwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, kisha zikafuata bendi za polisi, za jeshi, za vijana wa chama, za viwanda kama Urafiki. Mwenye bendi hakuwa tena klabu, alikuwa shirika. Na jamani tuwe wakweli, shirika lilitoa mengi. Mwanamuziki alipata mshahara, ala zilinunuliwa wakati ambapo mtu binafsi asingeweza kuziagiza, kumbi kama DDC Kariakoo zikajaa. Muziki uliotoka humo, wa kina NUTA, na wa Mlimani Park iliyoanza 1978, baba zetu bado wanausikiliza mpaka machozi yanawatoka. Mtu asije akaniambia kwamba hela ya mfadhili huzaa muziki mbaya. Si kweli.

Swali ni nani anashika funguo. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa amri ya uongozi wa mkoa wa Pwani, ambao mji wetu ulikuwa ndani yake wakati ule. Mwaka huohuo ulikuwa umeanza na Operesheni Vijana, ile ya kukamata sketi fupi na suruali za kubana. Hoja ilikuwa maadili. Vijana waliokuwa wakikutana kwenye dansi ndogo za soul wakajikuta Jumamosi hawana pa kwenda, na magazetini kukawa na mabishano makali kuhusu utamaduni wa taifa ni upi hasa na nani anapanga. Mimi sitaki kurudia mabishano hayo hapa. Ninachokiona kama mtu wa hesabu ni kwamba jambo lililotegemea ruhusa tu lilifutwa kwa tangazo moja.

Halafu ukaja upande wa pili wa shilingi ya mashirika. Uchumi ulipoyumba na mashirika ya umma kuanza kufa au kuuzwa, miaka ya 1980 na 1990, bendi nyingi zilikufa pamoja na wenye bendi. Kiwanda kikifungwa, gitaa linaorodheshwa kama mali ya kiwanda. Wahenga walishasema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Zilizovuka ni zile ambazo wanamuziki wake walikuwa wameshakuwa kitu kimoja hata bila shirika. Ile NUTA ilibadilika jina ikawa JUWATA, kisha OTTU, na chama kilipojiondoa watu wake hawakutawanyika, wakaendelea kama Msondo Ngoma. Wapinzani wao wa Mlimani Park, Sikinde, nao wakaendelea. Na utambiano wa hao wawili umekuwa tamasha tosha: ukiwaweka jukwaa moja huhitaji kulipia matangazo mengi, mashabiki wanatangaza wenyewe. Marini na Arinoti wangeelewa mara moja. Hata kwenye taarab ya miaka ya 1990 ilikuwa hivyohivyo, TOT upande huu na Muungano upande ule, na watu walilipa kiingilio wakasikie nani leo kampasha nani.

Nimeruka vijana wa rap, naomba radhi kwa washkaji zangu. Mwaka 1991 hapa Dar lilifanyika shindano la Yo! Rap Bonanza. Washiriki wengi walipiga Kiingereza cha Wamarekani, aliyeshinda ni Saleh Jabir aliyeweka Kiswahili juu ya mdundo wa Vanilla Ice. Redio binafsi zilikuwa bado hazijaanza, Radio One ilikuja 1994. Maana yake ni kwamba kabla ya kituo chochote kuona soko la rap ya Kiswahili, soko hilo lilishaonekana ukumbini, mbele ya watu waliotoa kiingilio chao. Weka hilo pembeni, tutalirudia tukifika kwenye "haziendani na soko".

Sasa tuvuke maji kidogo. Wengi mkisikia tamasha mnawaza Sauti za Busara, kule Ngome Kongwe, Zanzibar. Tamasha hilo liko chini ya asasi isiyo ya faida, Busara Promotions, iliyoundwa 2003, na la kwanza likafanyika Februari 2004. Wageni wanalipa bei yao, Watanzania bei ya chini, na linafunguliwa kwa gwaride la barabarani lenye ngoma na matarumbeta (beni hazifi, zinabadilisha mtaa). Kwa miaka kumi na zaidi lilikuwa mfano wa kila mtu. Kisha mwaka 2016 halikufanyika. Si kwa vita wala ugonjwa, fedha za wafadhili hazikutosha na tiketi peke yake hazikuweza kuliba pengo. Hoteli, wauza vyakula, waongoza wageni, wote walilisikia pengo hilo Februari ile. Mwaka 2017 likarudi. Nimejiuliza sana kwa nini lilirudi, wakati mengine hulala mwaka mmoja yakawa yamezikwa. Jibu langu ni kwamba tamasha lilikosa mwaka, asasi haikukosa. Ofisi ilikuwepo, watu walikuwepo, majina ya wasanii na marafiki yalikuwepo. Hawakuanza na karatasi tupu.

Na mfano wa mwisho uko mbali na bahari kabisa. Chamwino, Dodoma, tangu 2009 kuna tamasha la muziki wa Wagogo, lililoanzishwa na Kedmon Mapana, mwanamuziki na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vikundi vinatoka vijijini, akina mama wanapiga muheme, hakuna staa wa kushuka na gari la vioo vyeusi. Mwaka 2022 Mapana huyohuyo aliteuliwa kuwa Katibu Mtendaji wa BASATA, baraza lililoundwa kwa sheria ya 1984 na ambalo ndilo linalotoa vibali vya shughuli za sanaa. Nimelipenda jambo hili. Tangu enzi za Marini, anayeomba kibali na anayekitoa wamekaa pande mbili za meza. Kwa mara moja mtu aliyewahi kuhangaikia tamasha la kijijini alikaa upande wa pili.

Basi ninalobeba kwenda nalo Jumamosi ni hili. Katika miaka mia hii kila mwandaaji amekutana na milango mitatu ileile: kibali, ukumbi, kiingilio. Mara nyingi ametokea mtu mkubwa wa kumfungulia yote kwa mpigo, na mara nyingine muziki mzuri sana umetoka humo. Lakini aliyebaki mjini mambo yalipogeuka ni yule aliyekuwa na chama nyuma ya jukwaa. Chama kikibaki, tamasha lililokosekana mwaka huu linafanyika mwakani. Sisi chama tunacho? Kwa sasa tuna kundi la WhatsApp na deni la fotokopi.

Kwa hiyo pendekezo la mweka hazina, mliniulize maswali nikiwa nimesimama. Tupunguze. Bendi nne badala ya sita, na zitakazotoka ni mbili za kwetu, si za wazee, maana za kwetu zina mwakani na za wazee sina hakika. Tuanze saa tisa mchana. Mitambo midogo, 400,000. Wasanii 400,000. Ukumbi 400,000 haupungui, vibali 200,000 havipungui, tusijidanganye. Jenereta ndogo 150,000, kwa sababu umeme mnaujua. Ulinzi na matangazo 100,000, mabango tuandike wenyewe. Jumla 1,650,000. Tunazo 610,000. Tukiuza kadi 200 za shilingi 5,000 kabla ya siku yenyewe, ni 1,000,000. Pengo linabaki 40,000, ambayo ni chipsi mayai kadhaa za watu kumi na wanne. Jamani.

Na ile kampuni? Tuwajibu kwa heshima, kwa barua. Wakitaka kulipia mitambo na kutundika bango lao, karibu sana, tena tutawashukuru kwenye kipaza sauti. Jina la tamasha na orodha ya wanaopiga vibaki kwetu. Wakikataa, tamasha linakuwa dogo kwa spika mbili, basi. Kuhusu soko, mwaka 1991 nalo soko halikuwa linajua linataka Kiswahili.

Kadi nimeshaanza kuzikata, kila moja ina namba na jina la mwenye kadi, na majina yote naandika kwenye daftari. Daftari hilo halitafungwa tamasha likiisha. Anayetaka kuwa namba moja mpaka kumi anitafute kantini saa saba mchana, na aje na elfu tano mkononi, sikopeshi.

Naomba kutoa hoja.